Ripoti ya Maji Niliyoifuta

Niseme bila haya: miaka ile hapakuwa na mtu Dodoma aliyeijua Linux, mfumo wa kompyuta usio wa Windows, kama mimi. Wenzangu waliuza huduma kwa Windows za kunakili zilizojaa virusi. Mimi nilirudi kutoka India na stashahada niliyojisomesha kwa kuosha vyombo hotelini, nikaitundika juu ya kompyuta tatu za duka langu pale Kikuyu.

Disketi nilizipiga marufuku. Vumbi letu linaingia nazo na kuua kifaa cha kuzisomea.

"Acha kazi yako humuhumu," niliwaambia wateja. "Mashine hii haipotezi kitu."

Mama mmoja wa mjini aliniamini. Alikuwa mpiga taipu wa shirika la umma. Shirika likauzwa, akapunguzwa kazi. Sasa mradi wa maji kule Ipagala ulitafuta katibu anayejua kompyuta. Kila mwombaji alipewa ripoti iliyoandikwa kwa mkono, aichape na kuirudisha Jumatatu. Programu ya kuandikia aliyoizoea ilikuwa ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux niliiendesha kupitia programu nyingine ya kati, inayoifanya idhani iko kwao, ndani ya Windows.

Ijumaa alimaliza jedwali la mwisho. "Kesho nakuja tuitoe kwa printa," akasema.

Jumamosi asubuhi, kabla hajafika, ile programu ikagoma. Dirisha linafunguka jeupe, linajifunga. Nikaiondoa programu ya kati, nikaiweka upya kutoka kwenye sidii. Vilevile. Nikarudia. Vilevile. Ndipo nikakumbuka: ukiiondoa, inaacha folda yake ambayo jina lake huanza na nukta, na Linux huificha. Ugonjwa ulikuwa umebaki humo. Nikaifuta folda nzima, nikaweka upya, ikafunguka safi.

"Nani mwingine mji huu angeweza?" niliwauliza wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wakisubiri zamu.

"Hakuna, injinia!"

Mama akaingia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye mashine, akafungua mahali anapohifadhi kazi yake.

"Mbona peupe, mwanangu?"

Nilijua kabla hajamaliza. Ndani ya folda ile hamkuwa na mipangilio tu. Ndimo ilimokuwa diski ya bandia ambayo programu za Windows huiita C, na ndimo nilimomfundisha kuhifadhi.

"Ulihifadhi pasipofaa, mama," nikasema kwa sauti, wanafunzi wasikie.

"Pasipofaa wapi? Umenionyesha mahali pamoja tu."

"Haipotezi kitu hiyo!" mwanafunzi mmoja akadakia, mwenzake akaangua kicheko.

Mama hakulia. Alikunja miswada yake, akaniomba jambo moja. "Niandikie barua. Sema kazi niliimaliza, mashine yako ikaifuta. Gonga muhuri wa duka. Wataniongezea siku mbili."

Nami nilikuwa nimeomba kwa mradi huohuo kandarasi ya kutunza kompyuta zao. Barua hiyo ingesomwa na watu walewale.

"Siwezi kuweka jina langu kwenye kosa, mama."

"Kosa la nani?"

Nilijifanya nahangaika na waya wa printa mpaka akaondoka.

Akaipiga ripoti upya nyumbani, kwa taipureta yake ya zamani, Jumapili nzima. Jumatatu pale Ipagala waliitazama wakamwambia walitaka mtu wa kompyuta. Kazi akapewa mwingine. Kandarasi nami sikuipata. Hawakunijibu hata kwa mstari mmoja, mimi mwenye stashahada.

Jumatano niliandika ile barua, nikakiri kila kitu, nikagonga muhuri, nikampelekea nyumbani kwake. Aliisoma amesimama mlangoni, taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya taipu.

"Imeandikwa vizuri," akasema, akanirudishia. "Sasa nimpelekee nani?"