Maji ya Kwa Hafsa

"Yusra kafukuzwa chuo," Mama Mustapha alisema akiwa bado mlangoni, kanga haijakaa sawasawa begani. "Wamemkamata na vile vichupa vyake. Kumbe alikuwa anauza maji yetu kwa watu wa dawa!"

Hafsa alikuwa anamnyonyesha mwanawe Jabiri, aliyekuwa anaharisha tena. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Mama Mustapha."

"Marahaba. Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Wamfukuze. Na mbwa wamfukuze."

Kijiji kizima cha Kwamsisi kilimjua Yusra, binti wa mzee Sadala. Alikaa dawati moja na Hafsa mpaka darasa la saba. Hafsa aliishia hapo, akaolewa na Sharifu. Yusra alikwenda sekondari Korogwe, na mama yake ndiye aliyemsomesha, kwa machungwa aliyouza Segera akikimbizana na madirisha ya mabasi juani. Sasa alikuwa chuo kikuu, anasomea vidudu visivyoonekana kwa macho. Likizo hii alirudi na kisanduku cha barafu na vichupa vyenye vifuniko vya bluu. Mwalimu wake, Dokta Janeth, alikuwa amempa utafiti wa kuufanya mwenyewe: apime maji ya lambo la kijiji, kisha apime maji hayohayo yakishalala kwenye mitungi ya watu, aone yanachafukia wapi.

Hafsa ndiye aliyemfungulia wa kwanza. Alimsogezea kigoda, akafunua mtungi, akamchotea kwa kata ileile wanayonywea. "Chukua, shoga yangu. Ukitaka hata ndoo nzima." Yusra akacheka, akaandika kwenye kichupa kwa wino mzito: Kwa Hafsa. Vichupa vyote vikapanda bodaboda kwenda maabara, Korogwe.

Halafu ukaja mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akamwita Yusra aeleze alichokiona. Akasimama na simu mkononi, anasoma, uso unang'aa kama mtoto aliyehifadhi sura yake ya kwanza ya Kurani. Lambo lina vidudu vya kinyesi, akasema. Watu wakacheka, ng'ombe si wanaingia mle mpaka tumboni? Lakini majumbani ndiko kubaya zaidi, akaendelea.

"Kwa mfano, maji ya kwa Hafsa yana vidudu vingi vya kinyesi kuliko lambo lenyewe."

Kwa mfano! Watu wazima wamekaa, mama mkwe wake yupo, Sharifu yupo, naye anatolewa mfano. Yusra aliendelea kusema mambo ya mikono na kata inayozamishwa mtungini, lakini Hafsa hakuyasikia. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Kila akifika lamboni na ndoo, wenzake wanasogea. "Jamani, waacheni ng'ombe wanywe kwanza," Justa alisema mara moja, akajifanya ananong'ona, "Hafsa asije akawaambukiza." Wakacheka mpaka wakamwaga maji. Hilo angelivumilia. Lililomchoma ni mjomba wa mumewe, aliyekuja kwa mguu toka shambani, midomo imekauka, akapewa kikombe cha maji akakirudisha chini taratibu. "Nimefunga, mwanangu," alisema. Saa ileile alikuwa anatafuna muwa.

Kwa hiyo Mama Mustapha alipoondoka, Hafsa alimfunga Jabiri mgongoni akaenda kwa mzee Sadala. Alikwenda kupigana, si kusalimiana.

Alimkuta Yusra nyuma ya nyumba, kwenye jiwe linalokamata mtandao, simu ameifungulia sauti ya nje.

"Nilikwambia uandike namba," sauti ya mwanamke ilikuwa inafoka simuni. "Uliandika nini?"

"Majina, dokta."

"Kwa nini?"

"Kwetu tunajuana wote. Niliona namba zitanichanganya."

"Umewachanganya wao! Mtu anakupa maji ya mtungi wake, wewe unamtangaza mkutanoni? Matokeo hayo mimi siyapokei. Rudia upya, kwa ridhaa yao, kabla chuo hakijafunguliwa. Usiporudia, tafuta msimamizi mwingine."

Simu ikakatika; kumbe hajafukuzwa chuo. Yusra akageuka, akamwona Hafsa.

"Umefurahi?" Yusra akauliza, macho mekundu. "Kila mlango nikibisha wananifungia. Mwenyekiti kanizuia hata lambo. Kazi yangu imekufa. Furahi basi!"

"Yako ni kazi," Hafsa akasema. "Yangu ni nyumba. Mgeni hanywi maji kwangu, Yusra. Unajua maana yake?"

"Nilisema ukweli."

"Ukweli si ungekuja kuninong'oneza? Mlango wangu ulikuwa unaujua."

Hafsa akaondoka bila kumpiga, na hasira ya kutompiga akarudi nayo nyumbani, akaitwanga kwenye kinu pamoja na mahindi.

Asubuhi Yusra alikuja, kisanduku kichwani, akabisha hodi kama mgeni wa mbali. Hafsa hakumpa kigoda. Alichota maji mtungini, akamnyooshea kikombe.

"Kunywa."

Yusra alikitazama, hakukipokea.

"Sinywi, Mama Jabiri."

Hafsa nusura ammwagie usoni.

"Nikinywa nitakuwa nakudanganya," Yusra akasema haraka. "Maji haya bado ni yaleyale. Nimekukosea kwa jina lako, sikukukosea kwa maji." Akamtazama Jabiri, aliyelala mkekani akinung'unika, kinguo kingine kichafu pembeni yake. "Anaharisha bado?"

Hafsa aliweka kikombe chini. Alikuwa na hasira bado, ila sasa haikujua imwangukie nani: huyu mwenye ulimi mrefu, au ile kata iliyokuwa inaelea mtungini, aliyoitia kwa mkono wake mwenyewe.

Yusra akashusha kisanduku, akafungua. Vichupa vilikuwa vitupu, havina maandishi. Akachukua ile kalamu ya wino mzito, akampa Hafsa kwa mikono miwili.

"Mimi hawanifungulii. Wakiona wewe niliyekuaibisha ndiye unayebisha, watafungua. Naomba unitembezee vichupa hivi, kwa atakayekubali tu. Uandike namba, majina ubaki nayo kichwani mwako. Hata cha kwako nisikijue. Hata nikikulilia, Hafsa, usiniambie."