Mstari wa Chaki Nyuma ya Uwanja

Mama alimruhusu wifi yangu aende nami Dar es Salaam kwenye mashindano ya badminton kwa sharti moja: turudi na kitu. Kombe, medali, hata cheti. Tukirudi mikono mitupu, mke wa mwanawe angebaki na ng'ombe, na habari za raketi zingeishia hapo.

Kaka yangu anafanya kazi Dar, na kama wanaume wengi wa huku kwetu mlimani, anarudi nyumbani Krismasi. Miezi mingine yote mkewe yuko kihambani, shamba la ukoo, chini ya migomba, pamoja na mama na ng'ombe wasiotoka zizini, ambao majani yao hufuatwa mbali na kuletwa kichwani. Ila jioni za mazoezi alikuwa anavaa raba, tunapanda hadi kwenye ukumbi wa usharika, tunafunga wavu upande mmoja huku kwaya ikiimba upande wa pili, na anakuwa mtu ambaye pale nyumbani sijapata kumwona. Alikuwa anacheka. Alikuwa ananitania kwa sauti mbele ya watu.

"Wifi, kinyoya kile umekisindikiza kwa macho tu. Ungekipungia na mkono basi!"

Mimi ndiye niliyemfundisha badminton. Kufikia mwaka ule alikuwa amenipita mbali.

Wiki chache kabla ya safari tuliteremka mjini, Rau, kucheza mechi ya kirafiki na walimu wawili. Kila tulichopiga kilianguka kifupi. Vinyoya ambavyo juu kwetu vingetua kwenye mstari wa nyuma, pale vilikatikia katikati ya uwanja, na wale walimu wakavikandamiza chini wanavyotaka.

"Wachagga wa juu bwana!" mmoja akacheka. "Mmeshiba mtori, mikono imelala?" Kisha alipoona uso wa wifi, akaacha utani. "Dada, si kosa lenu. Huko mlimani hewa ni nyepesi, kinyoya kinateleza chenyewe. Mmezoea kuzuia mkono. Sasa kama hapa mjini vinakatika hivi, Dar usawa wa bahari itakuwaje?"

Tulipanda kurudi nyumbani. Miaka yote ile mlima ulikuwa unatusaidia bila kutuambia.

Wifi ndiye aliyepata njia. Kesho yake alichora kwa chaki mstari mwingine, hatua moja ndefu nyuma ya mstari halisi, karibu na mabenchi ya kwaya. "Tunapiga mpaka hapa," alisema. "Huku ni nje. Dar ni ndani." Basi tukaanza kujifunza kukosea. Tulipiga nje kwa makusudi, jioni baada ya jioni, mpaka mabega yakawaka moto, na taratibu mkono wake ukakubali. Nilianza kuamini tungerudi na kitu.

Mama alikuja bila kutuambia, akitoka kwenye ibada ya akina mama. Hatukumwona. Alikaa kwenye benchi, na vinyoya vikawa vinamwangukia miguuni, kimoja baada ya kingine, vyote nyuma ya mstari mweupe. Mchezo aliujua kidogo. Wifi mwenyewe alimfundisha jikoni, akimchorea uwanja kwenye majivu: kikitua ndani umepata, kikitua nje umekosa.

"Shikamoo mama," wifi alisema alipogeuka.

"Marahaba." Mama aliokota kinyoya, akakikung'uta. "Vyote nje."

"Ni makusudi, mama. Kule Dar..."

"Makusudi?"

Nikaingilia. Nikaeleza hewa, mlima, bahari, mstari wa chaki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Wanakwaya wawili walikuwa wameacha kuimba, wanatusikiliza.

"Hewa," mama akasema polepole. "Mwanangu, mimi nimekwenda Dar mara ngapi? Nilivuta hewa ile ile." Kisha akamgeukia mkwewe, na hakukasirika, hilo ndilo lililonimaliza. Alimwonea huruma. "Mama, usijitese. Umejaribu. Mkaaibike Dar kwa nini? Twende nyumbani."

Nilimpigia kaka simu usiku ule. "Mama ameshaona kwa macho yake," alisema. "Mimi niko mbali, nitasema nini?"

Asubuhi nilikwenda zizini kwa wifi, aliyekuwa anakamua, nikamwambia nitamleta yule mwalimu wa Rau aje amweleze mama.

"Mwache," alisema bila kuinua kichwa. "Akija mwanamume wa mjini kunitetea, itakuwa habari nyingine kabisa."

Nilisimama nikisikia maziwa yakigonga ndoo. Nilitaka alie, au anitukane. Alimaliza chuchu ya mwisho, akafunika ndoo, akaniomba nimpishe njia.