Mashati ya Bibi Smaranda

Zamfira Ciubotaru alinyonya ziwa moja na Bibi Smaranda. Mama yake ndiye aliyemnyonyesha binti huyo wa mwenye ardhi ya kijiji chetu cha Podeni, na tangu hapo watu walisema Zamfira kazaliwa na bahati. Alipewa nyumba nyuma ya jumba kubwa, mumewe Pintilie akawa mwendesha gari la farasi, naye akawa mshonaji. Cherehani alifundishwa mjini na Rifca, Myahudi mwenye duka la vitambaa, mwanamke mkali asiyesamehe mshono uliopinda.

Mwaka 1937 Bibi Smaranda alirudi kutoka Bucharest kakolea siasa. Picha ya kiongozi wa chama chake, chama kilichowachukia Wayahudi, aliitundika sebuleni, kando ya sanamu za watakatifu, akaleta majora ya kitambaa cha kijani. Zamfira alishona mashati ya vijana wa chama mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya gulio vijana hao waliingia mjini wakiimba, wakavunja duka la Rifca na kumburuta mumewe kwa ndevu.

Zamfira alipokwenda kumpa pole, Rifca hakumkaribisha kiti.

"Mmoja alinikaba shingo," alisema. "Kola yake ilikuwa hapa, mbele ya macho yangu. Mshono wangu ule, Zamfira. Niliokufundisha mimi."

Zamfira alirudi jumbani akasema hashoni tena. Bibi Smaranda hakukasirika. Alimmiminia chai kwa mkono wake.

"Dada yangu, ukinikana wewe, Pintilie nimweke wapi? Ahame na baridi hii, na kifua kile?"

Pintilie alikuwa akikohoa damu. Zamfira akarudi kwenye cherehani.

Theluji ilipoyeyuka, serikali ya mfalme ilikipiga chama marufuku. Askari walipofika, Bibi Smaranda aliwakirimu jemu ya cheri, akawaambia mashati ni mambo ya mtumishi. Binamu yake alikuwa waziri, kwa hiyo yeye aliamriwa tu asitoke nje ya bustani yake. Zamfira alifungwa. Pintilie tulimzika sisi majirani, mkewe yuko gerezani.

Alipoachiwa alipita kwanza kwa Rifca. Alibisha, akasikia nyayo zikija hadi mlangoni, zikasimama hapo, kisha zikarudi ndani.

Bibi Smaranda alimlaki getini, akamkumbatia akilia, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Karibu nyumbani, dada."

Zamfira akaingia. Angekwenda wapi? Asubuhi tulimwona dirishani, kainama, anashona mapazia.