Kiapo cha Sirad

Ukivunjika mkono Garissa mjini, ukapelekwa kwenye ile zahanati ndogo iliyo nyuma ya soko, atakayekufunga plasta ni Hinda. Atailowesha bendeji, akuzungushie, akuambie utulie, na usipotulia atakufokea kidogo. Vidole vyake havikai na hina hata wiki moja, chokaa ya plasta huitoa yote. Mwili wake mdogo, sauti yake ndogo, na mshahara wake usiseme.

Alizaliwa Rhamu, kando ya mto Daua, kwa watu wa vitunguu. Bibi yake mzaa baba aliitwa Sirad. Mpaka leo huko Rhamu wanasimulia jinsi bibi huyo alivyoingia ndani ya mfereji na nguo zake, akasimama pale maji yakimfika magotini, kumzuia tajiri mmoja asigeuzie shambani kwake zamu ya maji ya wajane. Tajiri alitukana mpaka akakauka koo. Bibi hakutoka.

Hinda hakurithi miguu hiyo. Hinda alikuwa mtu wa "tutaona". Akinyimwa likizo, tutaona. Mwenye nyumba akitaka choo kioshwe na yeye peke yake, tutaona. Watu walimsifu kwa upole wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyejua kwamba upole huo ulikuwa woga uliopakwa wanja.

Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Hinda alikuwa mtu mwingine.

Salah alikuwa na duka la kompyuta na fotokopi. Kila Ijumaa alisukuma mashine pembeni, akatandika meza, akaacha mlango wazi kabisa ili walimwengu wasipate la kusema, na dada yake Ebla akakaa ubavuni kwa Hinda. Hapo ndipo walipocheza ule mchezo wao wa kuigiza. Salah ndiye msimulizi: alibuni falme, misitu na majini. Kila mchezaji alikuwa mtu mmoja ndani ya nchi hiyo, akitamka anachofanya, na dadu yenye pande ishirini ikaamua kama amefaulu. Walicheza kwa Kiswahili. Salah, aliyesomea Mombasa, alidai kwamba wakicheza kwa Kisomali kila mfalme hugeuka kuwa mjomba wa mtu, na kabla ya vita kuanza watu wameshaulizana ukoo.

Hinda alimchagua shujaa mtakatifu, mpanda farasi mwenye upanga wa nuru, akampa jina la bibi yake. Shujaa wa aina hiyo hula viapo vitatu: hasemi uongo, hamwachi mnyonge chini ya fimbo, hali cha dhuluma. Akivunja kimoja tu, nuru ya upanga inazimika na yeye anabaki mtu wa kawaida aliyebeba chuma kizito. Wenzake walimtania wakimwita Sheikha. Lakini Sirad alipofungua kinywa, meza nzima ilinyamaza kumsikiliza, na jambo hilo halikuwahi kumtokea Hinda mahali pengine popote duniani.

Mchezaji wa nne alikuwa Mustafe, mwalimu wa hesabu. Nisimfiche mtu huyu: alikuwa anapendeza. Mcheshi, mkarimu, wa kwanza kuchangia matibabu na mazishi. Yeye aliigiza mwizi mwenye ulimi wa asali, na kila Ijumaa alileta sambusa zilizopikwa na mkewe, Kaltun. Hinda alimjua Kaltun kwa sambusa hizo tu.

Mpaka Jumatano moja Kaltun alipoletwa zahanati na kaka yake, Abdiwahab, mkono wa kushoto umevimba kama kibuyu.

"Alianguka kwenye tangi la maji," alisema Abdiwahab, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Kaltun aliutazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, bila chozi, "Sikuanguka. Ni Mustafe, kwa mpini wa jembe. Si mara ya kwanza kunipiga, ila mfupa ndiyo mara ya kwanza."

Hinda aliendelea kuzungusha bendeji.

"Ndugu zangu wanajua," Kaltun akaendelea. "Wazee wanafanya maslaha nyumbani kwa kaka, eti suluhu ya kimila. Kesho wanaanza kikao, Jumamosi wanamaliza. Watakula, watasameheana wao kwa wao, halafu mimi narudishwa kwake. Sitaki kurudi, abaayo, dada yangu. Mimi siitwi kwenye kikao. Wewe umeuona mkono. Njoo uwaambie."

Hinda alilainisha plasta kwa kiganja. Kazi nzuri, safi, haina hata mkunjo. Akasema, "Tutaona."

Laiti ningekuwepo nimfinye! Lakini ndivyo alivyosema, na Abdiwahab akarudi, na mgonjwa akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Mustafe aliingia dukani na hotipoti kubwa.

"Leo hakuna sambusa, mpishi ni mgonjwa," alisema, akacheka. "Lakini iko nyama. Kuleni."

Ilikuwa nyama ya mbuzi iliyokaangwa kwa samli, ikinukia iliki. Hinda hakutaka kula. Lakini kukataa kungehitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo haikuwa ya kutamkwa mezani. Akala. Na lililomuudhi zaidi ni kwamba ilikuwa tamu.

"Asante kwa plasta, Hinda," Mustafe alisema akitafuna. "Imekaa poa sana."

Hivyo tu, kama mtu anayemshukuru fundi wa redio. Hinda aliutazama ule mdomo uliokuwa uking'aa mafuta.

Wakaanza kucheza. Hadithi ya siku hiyo Salah aliitunga mwezi uliopita, na hakuwa na nia mbaya. Salah hakuwahi kuwa na nia yoyote. Katika mji mmoja wenye kuta, mkuu wa walinzi alimpiga mtumishi wake wa kike akamvunja mkono. Mkuu huyo ndiye mwenye ufunguo wa hazina ambayo kikundi chao kiliitafuta tangu Ramadhani. Alikuwa tayari kuwapa, kwa sharti moja: Sirad asimame uwanjani atangaze kwamba mtumishi alianguka mwenyewe. Mji mzima ungeamini, maana nani asiyejua kwamba shujaa mtakatifu hasemi uongo?

Mustafe alisugua viganja. "Hii ni rahisi. Tuite wazee ya mji, tuchinje, tufanye maslaha. Sirad anasema neno moja tu, tunachukua ufunguo yetu, wallahi tunaenda."

Salah akacheka. Ebla naye akacheka kidogo.

"Huyo mtumishi anaitwa nani?" Hinda aliuliza.

Salah alipekua karatasi zake. "Sijampa jina. Ni mtumishi tu."

Hinda akasimama. Kwa kawaida walicheza wamekaa, lakini alisimama, na sauti iliyotoka si ile ya zahanati.

"Mimi Sirad nimekula kiapo," alisema. "Jina langu si kitambaa cha kufutia damu ya mtu. Mkuu wa walinzi, huyu hakuanguka. Ulimpiga. Nitasema hivyo uwanjani, nitasema hivyo mbele ya mfalme, na ufunguo wako umeze."

Akarusha dadu. Ikabiringika, ikasimama kwenye ishirini, namba ya juu kabisa. Salah aliruka kutoka kitini: upanga umewaka, mji mzima umeona nuru, mkuu wa walinzi amepiga magoti! Wakapiga makofi. Na aliyepiga kuliko wote alikuwa Mustafe.

"Mashallah! Huyo ndio Sirad yetu! Dunia ingekuwa na watu kama hawa!"

Alikuwa na machozi ya furaha, naapa. Hinda aliitazama mikono ile ikigongana, mikono minene, safi, yenye chaki kwenye kucha, akaona kwamba mtu huyu hakusikia kitu. Maneno yote yale yalimpitia kama maji juu ya mgongo wa bata.

Na kweli hakusikia. Walipokuwa wakikusanya vitu, Mustafe alimsogelea karibu na mlango.

"Hinda, walaal, dada yangu. Kesho wazee wanamaliza ile kitu ya nyumbani. Nimewaambia wewe ndio ulifunga hiyo mkono. Kuja dakika kidogo tu, useme alianguka. Wewe wanakuamini, kila mtu anajua husemi uongo."

Hakukonyeza. Hakuinamisha macho. Alisema yaleyale ya mkuu wa walinzi, karibu neno kwa neno, na uso wake ulikuwa umejaa imani kama wa mtoto anayeomba maji.

"Na hiyo nyama umekula ni ya wazee," aliongeza, akicheka. "Jana walichinjiwa. Sasa hata wewe uko ndani ya maslaha."

Hinda alimtazama Salah. Salah alikuwa akichomoa waya wa mashine. "Ni mambo ya nyumba ya watu, Hinda," alisema bila kugeuka. "Enda tu, yaishe." Ebla aliokota dadu mojamoja, akazitia mfukoni.

Na Sirad mwenye upanga wa nuru akajibu nini? Akajibu, "Tutaona."

Alifika nyuma ya duka, penye jaa, akatapika. Nyama yote ya wazee ilitoka. Korongo wawili wenye vipara walikuwa juu ya takataka wakimtazama, na mmoja akashuka kwa miguu yake mirefu kuja kukagua kilichotoka. Hinda alijifuta kwa ncha ya mtandio. Mafuta ya samli yalikuwa bado vidoleni, akayasugua kwa mchanga na hayakutoka.

Mustafe alimchukiza. Salah alimchukiza, na huo mgongo wake uliogeuzwa. Wazee walimchukiza kwa kula kabla ya kuuliza: kesi ya nyani kumpelekea ngedere, naye anachokoa meno. Lakini uchafu uliomkaa kooni ulikuwa wa kwake mwenyewe. "Tutaona" aliyompa Kaltun na "tutaona" aliyompa Mustafe zilikuwa neno moja, kama muuza duka anayewapimia wateja wawili kwa kibaba kimoja. Tena alikuwa amesimama! Alisimama kumtetea mtumishi asiye na jina, aliyetungwa na Salah kwa kalamu, na yule mwenye jina na mfupa uliovunjika alimwacha aende na plasta isiyo na mkunjo.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Abdiwahab. Siku nyingine mwanamke asingepita pale mlangoni, kikao ni cha wanaume. Lakini shahidi wa Mustafe alipishwa. Mustafe mwenyewe aliinuka kumpokea, akamwonyesha mahali pa kukaa mwisho wa mkeka. Mbele ya wazee palikuwa na sinia la nyama nyingine. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limeshushwa, na chini yake zilionekana ncha za vidole vya miguu ya mtu aliyesimama nyuma.

"Kula kwanza, binti yangu," alisema Mzee Hirsi, mkubwa wa kikao.

"Nilishakula jana, mzee. Nikatapika."

Wazee wakatazamana. Mzee Hirsi alikohoa, akaendelea. "Mume anasema mkewe alianguka, na kwamba wewe ulimfunga mkono. Umri wangu umeniishia kwenye vikao kama hivi na sipendi kuchelewa. Alianguka?"

Hakuna nuru iliyowaka popote. Hapakuwa na dadu ya kurusha.

"Hakuanguka," alisema. Sauti ilitoka ileile ndogo ya zahanati, ikakwaruza. "Alipigwa na mpini wa jembe. Na aliyempiga ndiye huyo aliyeniita nije niseme alianguka. Kaltun aliniambia hivyo mwenyewe nikimfunga, akaniomba nije niwaambie, na anasema hataki kurudi kwake."

Mzee mmoja alisonya. Mwingine akauliza kwa hasira binti huyu ametumwa na nani na ni wa nani hasa. Abdiwahab aliinamisha kichwa, akawa anachuna nyuzi za mkeka.

Mustafe hakukasirika. Alishangaa tu, mshangao wa kweli, kama mtu aliyeumwa na mbuzi wake mwenyewe. Akainama kwake, akamnong'oneza kwa Kiswahili, ile lugha yao ya Ijumaa, ili wazee wasielewe:

"Hinda. Hii si mchezo."

Hinda akamjibu kwa Kisomali, ili kila mtu asikie. "Najua si mchezo. Kwenye mchezo ulinipigia makofi."

Mzee Hirsi aliutoa mdomoni mswaki wake wa kijiti. Alimtazama Mustafe, akalitazama sinia, akalisukuma mbali na yeye mwenyewe kidogo kwa vidole viwili. "Na mwenyewe anasemaje?" aliuliza. "Nani amemuuliza?"

Pazia likasogea. Kaltun akatoka bila kuitwa, plasta ikining'inia kifuani kwa kitambaa, akasimama pale akitafuta mahali pa kukaa katikati ya wanaume ambao hakuna hata mmoja aliyesogea.

Hinda akasogea.