Pawa Saplai Niliyoiunguza Mwenyewe

Kompyuta yetu ilikufa Jumatano mchana, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika tangu asubuhi. Nilikuwa nimesahau kuichomoa. Nilibonyeza kitufe, nikabonyeza tena, nikaweka sikio kwenye kasha lake. Kimya.

Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, na nyumbani kwetu Ipagala kompyuta hiyo ya mezani ndiyo iliyokuwa ikichapa mitihani ya nusu ya walimu wenzangu. Nilijulikana shuleni kama mtu anayejua mambo ya kompyuta. Ukweli ni kwamba nilijua kidogo, tena kwa kutazama video za kwenye simu, na sifa ile niliipenda kuliko ilivyostahili. Siku ile nilifungua kasha kwa bisibisi, nikanusa, nikamtangazia mume wangu kwamba kilichokufa ni pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vitu vya ndani. Hapo nilikuwa sahihi. Laiti ningeishia hapo.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya kompyuta la mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. Umri wake ulikuwa kama wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Aliniita mwalimu kabla sijajitambulisha, maana mkono wa gauni langu ulikuwa umejaa chaki. Nilimweleza shida yangu, na kwamba nilitaka kitu cha bei nafuu. Hakukimbilia kwenye shelfu. Aliuliza kwanza.

"Hiyo kompyuta unaifanyia nini?"

"Kuchapa tu. Mitihani, barua, kazi za kanisani."

"Hakuna michezo? Hakuna kutengeneza video?"

"Hakuna."

"Basi huhitaji kubwa. Usikubali mtu akuuzie kubwa."

Akaweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa mtumba, imetolewa kwenye kompyuta za ofisi, rangi imechubuka na feni ina vumbi kwenye kingo. Nyingine ilikuwa mpya ndani ya boksi lenye picha ya radi. Bei zilikaribiana. Akaniambia nizishike zote mbili. Ile kuukuu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ile mpya niliinyanyua kwa vidole viwili.

"Uzito wa hii ni shaba na chuma," alisema, akigonga ile kuukuu. "Hiyo nyingine ndani ina nafasi nyingi. Si mbaya, kwa kuchapa itakufaa. Lakini ingekuwa yangu, ningechukua nzito."

Nilimtazama nikajiambia: huyu anatafuta mtu wa kumtwisha mabaki yake. Sijui wazo lile lilitoka wapi haraka vile. Hakuwa amenifanyia lolote ila kuniuliza maswali ya maana.

"Sitaki mtumba, mzee," nikasema.

Hakubishana. Aliichomeka ile mpya mbele yangu, feni ikazunguka, akaniandikia risiti. Aliponikabidhi alisema jambo, kitu kama, "Huku nyuma usiguse kitu, wewe chomeka tu." Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Nikaitikia "sawa" kama watu wanavyoitikia.

Ijumaa jioni nilikaa sakafuni sebuleni, nikafunga skrubu zote, nikaunganisha waya moja moja. Mume wangu alikuwa kwenye kiti anasikiliza taarifa ya habari. Kule nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, niliona swichi ndogo nyekundu yenye namba 230. Nikaisogeza kwa ncha ya kalamu, ikatokea 115. Nikafikiri. Mia na kumi na tano ni nusu ya mia mbili na thelathini. Basi ukiweka namba ndogo, kompyuta itakula umeme nusu. Nilijiona nimegundua kitu ambacho wauzaji hawataki wateja wakijue. Sikumwambia mume wangu. Nilitaka mwisho wa mwezi ashangae mwenyewe uniti za umeme zilivyobaki.

Nilichomeka, nikawasha swichi ya ukutani.

Pa! Kama chupa iliyoangukia sakafu ya saruji. Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya nyuma, na harufu chungu iliyotukalia kooni mpaka asubuhi. Nyumba nzima ikawa giza.

"Umegusa nini?" mume wangu aliuliza.

"Sijagusa kitu. Ameniuzia feki."

Nimejiuliza mara nyingi kama wakati ule nilikuwa nasema uongo. Sikujua kwa hakika kwamba swichi ndiyo iliyofanya hivyo. Lakini nilikumbuka kwamba nimeisogeza, na nilikumbuka vizuri, na bado neno "sijagusa" lilinitoka laini kabisa. Usiku kucha nililikazia mpaka likawa ukweli wangu.

Jumamosi asubuhi niliingia dukani bila shikamoo. Kulikuwa na wateja wanne au watano, miongoni mwao mama mmoja wa Miyuji tunayesali naye kanisa moja. Nilitupa ile pawa saplai mezani.

"Hii nini umeniuzia?"

"Imekuwaje, mwalimu?"

"Imelipuka! Ingeweza kuchoma nyumba yangu na wanangu ndani!" Watoto wetu wako bweni; hakukuwa na mtoto ndani. "Nyie Wahindi mmezoea kutuona wajinga. Kama biashara ya haki imewashinda, rudini kwenu!"

Nimeyaandika maneno yale kama nilivyoyasema. Nilijaribu kwanza kuyaandika kwa namna nyingine, kwamba "nilimkaripia" au "nilipandisha sauti", nikaona ninafanya tena kile kile nilichofanya siku ile.

Mzee aliichukua, akainusa, akaigeuza. Macho yake yalitua upande wa nyuma, na dole gumba lake likakaa pale, juu ya ile swichi, kwa muda. Kisha akainua uso. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wale wateja, akairudisha ile pawa saplai chini ya meza.

"Pole, mwalimu," alisema. "Nitakubadilishia."

Akaingia nyuma ya duka, akakaa kidogo, akatoka na ile nzito imefungwa kwenye gazeti. Hakuniongezea bei wala neno. Wateja wakanong'ona. Yule mama wa Miyuji akanishika bega: "Umefanya vizuri. Hawa bila kuwakalia kooni hawaendi." Nikatoka nimeinua kichwa.

Nyumbani nilifungua gazeti. Kule nyuma, palepale penye swichi nyekundu, palikuwa pamebandikwa utepe mweusi wa kufungia waya, tabaka mbili, na juu yake kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa polepole: "Umeme wetu ni 230. Usisogeze."

Nilikaa kitandani na kile kifaa mapajani. Nilichukua simu nikatafuta, na ndani ya dakika moja nikaelewa kila kitu: kwamba ile swichi haipunguzi matumizi, inakiambia kifaa kitegemee umeme wa aina gani, na ukidanganya, kinalipuka. Mzee alikuwa amejua tangu alipoweka dole gumba pale. Angeweza kusema neno moja tu mbele ya watu wote, nami ningetoka mle dukani nikitambaa. Alikuwa ameniacha nitoke mshindi.

"Hiyo karatasi inasemaje?" mume wangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Maelekezo ya kiwandani," nikasema.

Kompyuta iliwaka na kuchapa kama zamani. Kwa wiki kadhaa sikupita mtaa ule. Nikienda mjini nilizunguka upande wa pili. Nilijiambia nitakwenda mwisho wa mwezi, kisha nikajiambia mzee ameshasahau. Darasani nilifundisha mada ya utu na usawa nikiwa nimegeukia ubao.

Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, yule mama wa Miyuji alinishika mkono mbele ya akina mama wenzake. "Huyu ndiye mwalimu niliyewaambia," alisema. "Alimkomesha yule Mhindi mpaka akarudisha mali." Wakacheka na kunipongeza. Mmoja akasema mwanawe alitaka kununua printa pale, akamkataza. Mwingine akasema hata walimu wa shule yetu hawaendi tena.

Nilitabasamu. Siwezi kueleza kwa nini nilitabasamu. Niliporudi nyumbani nilishindwa kula, na mume wangu aliponiuliza naumwa nini, nikamweleza yote, tangu kalamu na swichi hadi karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi uliniambia ni ya kiwandani," alisema. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akasema, "Nenda. Na uende kukiwa na watu."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Dukani kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo mwenye shuka begani aliyeleta redio, na mwenye duka alikuwa anazungumza naye Kigogo, haraka haraka, wote wawili wakicheka. Mimi nililetwa Dodoma na uhamisho wa kazi. Nimekaa hapa miaka tisa na Kigogo ninachojua ni ile salamu yao tu, mbukwa. Nilisimama nikasubiri, na maneno yale ya "rudini kwenu" yakanirudia mdomoni kama kitu kilichooza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Imesumbua tena?"

"Haijasumbua. Ile ya kwanza niliiunguza mwenyewe. Nilisogeza swichi, halafu nikaja kukutukana hapa mbele za watu." Nilipandisha sauti makusudi, ili wateja wengine wawili waliokuwapo wasikie. "Haikuwa feki. Na yale niliyosema juu yenu, sikuwa na haki ya kuyasema, hata kama ingekuwa feki. Naomba radhi." Nikaweka mezani hela ya kile kifaa nilichoharibu.

Alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Akazichukua zile hela, na nilimshukuru moyoni kwa kuzichukua.

"Baba yangu alizaliwa Kongwa," alisema taratibu. "Mimi pia. Huko 'kwetu' unakosema, mwalimu, ningefika ningekuwa mgeni. Ya kifaa yamekwisha. Yale maneno, siwezi kukudanganya kwamba yamekwisha leo. Lakini umekuja. Asante."

Jumatatu niliwaambia walimu wenzangu wakati wa chai. Baadhi walicheka habari ya namba na nusu ya umeme, na mwalimu wa Fizikia alinicheka kuliko wote, nikastahili. Wawili wameshanunua vitu pale tangu siku hiyo. Yule mama wa Miyuji nilimfuata mpaka kwake. Alinisikiliza, akanikaribisha uji, akasema, "Mwalimu, wewe una huruma mno. Hata ungekosea wewe, wale ni wale." Nilimrudia mara ya pili na ya tatu. Bado hasadiki, na ninajua aliyempa maneno hayo ni nani.

Duka lile ninakwenda. Mwezi uliopita nilinunua kibodi. Mzee huwauliza wateja wake habari za nyumbani, za mashamba, za wagonjwa. Mimi hunijaribia kifaa mbele yangu, huniandikia risiti, huniambia karibu tena. Habari za nyumbani bado hajaniuliza.