Shokapu za Mama Mkwe

Kigari kilifika kwetu kimepakwa rangi ya bluu, kina matairi manne manene, fremu ya mabomba, injini ya pikipiki nyuma na viti viwili vilivyotolewa kwenye gari bovu. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yetu wa pili, ni fundi wa kuchomelea huko Mwakitolyo. Vigari vya namna hiyo huwatengenezea wachimbaji wanaopita kwenye makorongo na vifusi. Hiki alikitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake.

Mke wangu alikuwa ameumia mgongo, na tangu atoke hospitali hakuwa amefika kanisani. Kanisa letu liko ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi. Masika udongo ule hauachi gurudumu lizunguke, na kiangazi unakauka na alama zote za kwato za ng'ombe waliopita, ukawa mashimo magumu kama saruji. Tulimpandisha pikipiki, akaomba ashushwe kabla hatujamaliza shamba la jirani. Mchungaji alikuwa akimletea Meza ya Bwana nyumbani, nasi tulishukuru. Lakini siku moja, mchungaji alipokwisha kuaga, mke wangu alinishika mkono.

"Baba watoto," alisema, "kila mara Bwana ndiye anayenitembelea. Na mimi nataka nikamsalimie kwake."

Ameimba sauti ya pili tangu usichana wake. Nilijua alichokuwa anakikosa.

Kigari kilikuwa tayari, ila hakikuwa na shokapu. Mimi na mkwe tukaenda Kahama kwenye maduka ya spea. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, anauza huku anakula muhogo.

"Shikamoo, mzee. Kigari kitabeba nini? Mawe?"

"Marahaba. Kitabeba mtu."

"Mtu gani?"

"Mama mkwe wake huyu."

"Mama mkwe!" Akaangua kicheko. "Basi fundi, chukua za lori, maana ukimrusha huyo, ndoa imekwisha!"

Mkwe wangu akaangalia pembeni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawaketi mkeka mmoja, na kumzungumzia mwili wake dukani ni jambo la aibu kubwa.

"Ana uzito gani?" muuzaji akauliza.

Mkwe akanitazama mimi. Kumwambia mtu kwamba mama mkwe wake amekonda ni sawa na kusema kwangu hakupikwi.

"Ni mama mwenye afya," nilisema. "Kama gunia la mpunga lililojaa vizuri."

Tukapewa shokapu za guta, zile pikipiki za matairi matatu zinazobeba matofali. Mkwe alizifunga, akaweka gunia la mpunga kwenye kiti cha abiria, akaanza kurekebisha. Alinieleza kwa subira. Springi inabeba uzito, na mafuta yaliyo ndani ya shokapu yanaizuia isirudi kwa kurusha. Chini ya springi kuna ringi: ukiikaza, springi inakuwa ngumu, ukiilegeza, inalainika. Abiria akikaa, kigari kizame kidogo, ili gurudumu likikuta shimo lipate nafasi ya kushuka bila kumvuta mtu. Gunia lilipokaa, kigari kilizama vizuri kabisa. Tulifurahi, tukaomba, tukala.

Kesho yake nilimpandisha mke wangu, nikakiendesha mwenyewe. Shimo la kwanza lilimrusha, la pili likamtoa kilemba. Kufika la tatu alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili.

"Rudisha!" alipiga kelele. "Rudisha, nitafika kwa Bwana moja kwa moja!"

Tulirudi polepole. Alishuka, akakaa kwenye kigoda, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Chai niliyompelekea ilipoa bila kuguswa.

Mkwe alikuja mchana. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko kama ilivyo heshima, kofia mkononi, naye mke wangu akabaki ukumbini. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipitia kwangu.

"Baba, naomba umwulize Mama kilimrusha mbele au nyuma."

"Mwambie mkwe wangu kilinirusha juu."

"Muulize, Baba, kilizama alipokaa?"

"Mwambie hakikuzama hata kidogo. Kwani alikipima na nini?"

Mkwe akakuna kichwa. Ikabidi nijibu mwenyewe: "Na gunia la mpunga."

Mke wangu alinitazama, kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akashika mgongo kwa maumivu huku bado anacheka.

"Gunia zima! Mwambie mkwe wangu gunia hilo liliishia hospitali. Sasa mimi ni nusu gunia, na hiyo nusu inataka kwenda kanisani."

Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anajizuia kucheka akashindwa.

Mkwe alilegeza ringi mpaka mwisho, lakini springi za guta hazikujali. Tukarudi Kahama. "Mzee, gunia limepungua?" muuzaji akauliza, nasi tukakubali kutaniwa. Tulichukua za pikipiki, laini zaidi. Safari hii hapakuwa na gunia. Mke wangu alikaa mwenyewe kitini, amejitanda khanga, uso mbele. Mkwe alichuchumaa nyuma ya gurudumu, kofia imeshuka machoni, akapima kwa kijiti kigari kilivyozama, akakaza ringi kidogo, akapima tena. Wote wawili walikuwa wamekazana kutoonana. Kisha akaniagiza: baada ya safari ya kwanza nikaze tena nati za shokapu, maana chuma kipya hulegea.

Jumapili tuliondoka mapema. Kwenye mashimo ya ng'ombe magurudumu yalipanda na kushuka yenyewe, sisi tukiyumba taratibu juu yake. Katikati ya mbuga mke wangu akaanza kujaribu sauti yake, na haikukatika.

Kanisani walikuwa wamemwekea kiti karibu na mlango. Alikipita. Alitembea na fimbo yake hadi kwenye benchi la kwaya, na wanawake wakaanza kuambizana, "Jongea, jongea, mayu amefika, mama amefika," huku wengine wakilia na wengine wakicheka. Alipokea Meza ya Bwana pamoja na wenzake wote. Nilimwona akirudi kukaa.

Wimbo wa mwisho ulipoanza nilitoka na spana. Nati moja ilikuwa kweli imelegea. Nilipiga magoti kwenye vumbi kando ya gurudumu, nikaikaza, na dirishani ikanifikia sauti ya pili ya mke wangu, nzito kuliko nyingine. Nati ilikuwa imekwisha kukazwa. Nikabaki nimepiga magoti palepale.