Spana ya Baba Baridi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu mfupi mwenye mvi anajipekua mlangoni mwa maabara. Anatoa funguo, sarafu na kalamu ya chuma. Anavua mkanda, anaifunga suruali kwa kamba ya katani, kisha anaingia.

"Humu chuma ni mgeni asiyealikwa," anasema.

Ana miaka hamsini na minane. Ni fundi wa pampu na mabomba ya maji yanayopoza koili za sumaku, yaani nyaya za umeme zilizoviringwa. Wote humwita Baba Baridi.

Ndani ya chombo cha kioo kisicho na hewa, watafiti hupoza wingu dogo la atomu kwa mwanga wa leza, hadi baridi isiyopatikana hata angani. Kwa sumaku huzifanya zishikane mno: ukiigusa moja, zote zinasikia. Wakilibana wingu na kuliachia, hutanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyelala. Upumuaji huo ndio wanaouchunguza.

Mwaka jana upumuaji ulibadilika kwa siku kumi na moja. Binti mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, alikagua nyaya, akapima leza upya, akakonda. Alipokosa kasoro, akaanza kuandika kwamba amegundua tabia mpya ya atomu.

Siku ya kumi na mbili Baba Baridi aliinama kufuta maji yaliyovuja. Chini ya meza, karibu na kile chombo cha kioo, akaiona spana yake. Chuma kilikuwa kinaipotosha sumaku.

Wiki hiyohiyo mkataba wake ulikuwa unasubiri saini ya mkuu wa maabara. Hakuna aliyemwona, na mfuko wa ovaroli ulikuwa wazi.

"Nilijua nikiificha, mtoto wa watu ataandika uongo bila kujua," anasema.

Akaenda kugonga mlango wa mkuu. Mwanafunzi naye alikuwemo.

"Daktari, nimekuja na spana. Ilikuwa chini ya meza."

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu nilipokaza bomba. Siku kumi na mbili."

Mkuu akashika kichwa. Mwanafunzi akalia, kisha akacheka machozi yakimtoka. "Baba, nusura spana yako inipe udaktari!"

Vipimo vilirudiwa. Binti alihitimu, akachelewa miezi miwili tu. Katika ukurasa wa shukrani aliandika: "Kwa Baba Baridi, aliyesema." Mkataba nao ulitiwa saini, wa miaka mitatu.

"Kwingine ningefukuzwa kabla sijamaliza kusema. Hawa walinisikiliza. Nitawalipa nini?"

Mkewe hajavutiwa sana. "Friji yetu imekufa miezi miwili, yeye anapoza vitu visivyoonekana!"

Tangu kisa hicho cha spana, Baba Baridi anasoma fizikia jioni, darasani na watu wa umri wa wanawe. Mtihani ni Novemba. Anataka siku moja auelewe mchoro wa upumuaji kwenye skrini bila kuelezwa.

Spana inaning'inia nje ya mlango, imefungwa uzi mwekundu. Kila asubuhi anaigusa kabla ya kuingia.

"Naisalimia," anasema. "Ndiyo iliyonipeleka shule."